Hodi Niliyopiga Nikiwa Sipo

Nianze na aibu yenyewe tumalizane nayo, manake nyinyi watangazaji vijana mtaipata tu kwa kinyozi, na yule huongeza chumvi. Mimi Karisa, ambaye sauti yangu mmeisikia kwenye gemu za watu, siku moja nilipigiwa hodi na mimi mwenyewe. Nikajikaribisha. Nikajisogezea na nafasi nikae.

Ilikuwa Mjambere, kwetu Kisauni, kwa huyo huyo kinyozi. Ameweka televisheni na mashine ya gemu ili wateja wanaongoja wasimhesabie dakika. Mimi niko kwenye benchi, joto la mchana limenishika, nimefumba macho. Nikasikia sauti ya mtu mzima, mpole, mwenye adabu zake: "Hodi hodi! Hamjambo humu?" Nikajibu kama nilivyolelewa, "Hatujambo, karibu," nikasogea, nikalipapasa benchi pale kando yangu. Hakuna aliyekaa. Kufungua macho, watu wote wananitazama. Kwenye televisheni mpira umesimama katikati ya uwanja, sabuni ya kufulia inazunguka angani, na inaniuliza kwa sauti yangu kama naipenda ya ndimu au ya waridi.

"Mzee Karisa," kinyozi akasema, "mjibu basi. Si ni wewe?"

Nikamjibu. Nikasema ya ndimu.

Tulicheka mpaka kinyozi akaweka wembe chini. Lakini nilipofika nyumbani sikucheka tena. Kilichonikaa moyoni ni kwamba ile sauti sikuijua. Na kabla sijaijua, niliipenda. Ningeifungulia mlango.

Sasa nirudi nyuma. Shule nilifika darasa la saba, nikatoka kwenda kununua kalamu, sijarudi mpaka leo. Kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa kwenye pikapu ya matangazo Likoni: gari lenye spika mbili juu, linazunguka mitaani likiuza kila kitu ambacho mtu hakupanga kununua. Dereva alikuwa Salimu, kijana wa Mtongwe huko huko Likoni, rika langu, mwenye kicheko cha kuzimisha gari. Mtangazaji mwenyewe alikuwa Mzee Tsuma, ambaye koo lilikuwa linamchoka, ndiyo nikatafutwa mimi.

Siku ya kwanza tuliuza magodoro. Nikasema maneno niliyofundishwa, vizuri kabisa, kisha nikasahau kuzima maiki, nikamgeukia Salimu nikamwambia kwamba magodoro haya ukiyalalia siku moja unaamka na mgongo kama barabara ya Changamwe. Soko zima likasikia. Salimu alicheka ikabidi aegeshe. Mwenye magodoro alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake, na sitawaambia alichosema, manake hii kumbukumbu huenda ikasomwa na watoto.

Mzee Tsuma hakunifukuza. Alinifunza. Maiki ifunge kitambaa, upepo wa bahari una kelele kuliko wewe. Tafuna tangawizi, usiguse njugu siku ya kazi. Spika moja ielekeze nyuma, kwa sababu mtu hasikilizi gari linalokuja, analisikiliza likishampita. Hili la mwisho ni kweli mpaka leo, na sijui shule gani wanalifundisha.

Na kulikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha. Siku moja nilimwona mama fulani anaanua nguo, namfahamu, nikaita kwenye spika, "Mama Riziki, sabuni hii hapa!" Kwangu ni utani. Yule mama akaingia ndani akafunga na madirisha. Mzee Tsuma akasimamisha gari, akaniteremsha niende kumwomba radhi kwa miguu. Niliporudi akasema: "Jina la mtu hulitupi hewani. Ukimwita, akuone. Mtu akiitwa na asiyemwona, haitiki. Na akiitika, wewe hujui kamwitikia nani." Nikasema ndiyo mzee. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilisema ndiyo kwa kila kitu.

Tulifanya kazi ile miaka mingi. Mzee Tsuma akafariki, nikawa mimi ndiye mzee, kisha simu zikaingia, matangazo yakahamia huko, na pikapu ikauzwa ikaenda kubeba mawe. Salimu akanunua tuktuk akarudi Mtongwe. Mimi nikakaa nyumbani nikitangazia kuku.

Ndipo ikaja kampuni iliyotaka sauti ya mtu wa Pwani. Studio yao ilikuwa chumba kimoja Changamwe, juu ya duka la vipuri, kuta zimesimamishiwa magodoro, na mpaka leo naamini moja nililiuza mimi. Tulikuwa tunarekodi malori yakitulia. Lori likipita, tunanyamaza, likiisha, tunaendelea. Aliyetusimamia alikuwa Wanjiru, msichana wa bara, mwepesi wa kichwa na mwenye heshima, ingawa Kiswahili chake kilikuwa na haraka kama mtu anayekimbilia basi.

Akanieleza kazi. Matangazo yanawekwa ndani ya gemu. Unacheza mpira, ikifika mapumziko, tangazo linakuzungumzisha. Ile pedi ya kuchezea unayoishika ina sikio dogo, kwa hivyo unaweza kulijibu tangazo kwa mdomo, nalo likakujibu. Na halizungumzi na watu wote sawa. Linajua jina ulilojiandikisha, linajua unacheza saa ngapi, unapoteza mechi ngapi, umeacha kucheza tangu lini. Kila mtu anapata lake.

"Shida ni moja, mzee wangu," Wanjiru akasema. "Watu wa huku hawajibu. Tunauliza, 'Ungependa kuona zaidi?' wananyamaza tu. Nairobi wanajibu."

Hapo ndipo mimi, na darasa langu la saba, nikatoa akili. Nikamwambia: "Anza na hodi. Hakuna mtu wa Pwani anayeacha hodi ikaning'inia. Hata ukiwa umeudhika, hata ukiwa unaoga, utasema karibu. Mdomo unasema wenyewe."

Wanjiru aliyaandika maneno hayo. Kisha akapiga simu. Baada ya juma moja ikaamuliwa hivyo: tangazo likipiga hodi, na wewe ukisema karibu, hiyo karibu ndiyo ruhusa. Limeingia. Nilipigiwa makofi, nikanunuliwa soda. Niliinywa yote.

Kazi yenyewe ilikuwa ya vipande. Hurekodi tangazo zima, unarekodi maneno, mashine inayaunga. Nilisoma orodha ya majina ya Pwani na ya bara, na kila jina mara tatu: la kuanzia, la katikati, la kumalizia. Kama hujaita Athumani mara tatu mbele ya ukuta wa magodoro, hujui jina la mtu linavyokufanya ujione mjinga. Nikasema "mama", "baba", "bibi", "shangazi". Nikasema "Umepotea sana" na "Tumekukosa", hizo ni za mtu aliyeacha kucheza. Nikasema "Upo peke yako?", hiyo ni ya gemu ya wachezaji wawili, unaambiwa umwite mwenzio. Nikasema "yuko njiani", ya chakula cha kuletewa nyumbani: mashine inatia jina la mletaji mbele. Vijana, nawaomba jambo moja, na ndilo la maana katika yote niliyoandika. Ukipewa neno lisilo na kichwa, uliza kichwa chake kitakuwa nani. Mimi sikuuliza. Nilikuwa nangoja lori lipite.

Matangazo yalipoanza kutoka, nilitembea Kisauni kama bwana harusi. Napita dirishani kwa watu nasikia, "Hodi hodi, Kadzo!" na Kadzo anasema karibu. Nyumba ya pili, "Hodi hodi, Baraka!" Mara mbili tatu nilisimama kusikiliza, na nikagundua najisikia kama mtu aliyetangulia kufika kila mahali anapokwenda. Mke wangu alikataa mashine ile isiingie kwetu. Alisema Karisa mmoja anamtosha, na hata huyo mmoja kuna siku ni wa ziada.

Kisha Salimu akanipigia simu.

"Yakhe, Karisa," akasema, "haya ni mambo gani? Unakuja Mtongwe kwa dada yangu, unapita mlangoni kwangu, hunisalimii?"

"Mimi? Sijavuka feri tangu mwezi wa mfungo."

"Dada anasema unakuja kila alasiri. Unapiga hodi, anakukaribisha, huingii."

Nikangoja acheke. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakucheka.

Kesho yake nikavuka. Dada yake ni Bi Mwanamisi, mjane, mkubwa wetu sote, aliyenipikia pilau nyingi siku za pikapu. Ana mtoto mmoja, Athumani, aliyekwenda Arabuni kuendesha magari. Mashine ya gemu ilikuwa ya Athumani. Kule alikokwenda alipata rafiki mwenye mashine kama hiyo, na akawa akizungumza na mama yake kupitia pedi, bila kununua bando la simu. Kila Ijumaa. Bi Mwanamisi hajui gemu ni kitu gani, ila alijua kwamba ile pedi ikikaa mezani na taa yake ya buluu inawaka, mtoto atasema "Mama". Halafu, kabla ya mvua za masika, Ijumaa moja ikapita kimya. Na nyingine. Simu yake haipatikani, rafiki yake haijulikani aliko. Bi Mwanamisi hakuzima mashine. Aliingoja.

Nilikuta mlango uko wazi, umewekewa jiwe usijifunge.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Karisa. Leo umeingia."

"Leo nimeingia vipi?"

"Siku zote unaishia hapo nje. Nikasema huyu ana habari nzito, inamshinda kuileta. Kaa. Kula kwanza."

Akanipa mahamri na chai. Salimu alikuwa amekaa kwenye mkeka. Kabla sijapanga maneno ya kumweleza, televisheni ikatoa mlio mdogo, na mimi nikaanza kuzungumza.

"Hodi hodi, Athumani! Umepotea sana. Tumekukosa."

Salimu akanitazama mdomo. Mdomo wangu ulikuwa na mahamri.

"Karibu," Bi Mwanamisi akajibu, taratibu, kama mtu anayemjibu jirani.

"Mama Athumani," televisheni ikasema. "Upo peke yako?"

"Leo nina wageni."

Kukawa kimya kidogo. Nilijua ni mashine inaunga vipande, najua inavyofanya kazi, nimeiona. Lakini kile kimya kilikuwa cha mtu anayefikiri. Kisha ile sauti yangu, kwa upole ambao mimi sijawahi kumfanyia mtu, ikasema:

"Athumani yuko njiani."

Bi Mwanamisi akanigeukia. "Si huyo? Ndivyo anavyoniambia. Sasa mnataka nizime nini?"

Nikamweleza yote. Studio, magodoro, majina mara tatu, chakula cha kuletewa. Nilijitukana humo ndani kuliko mwenye duka la magodoro alivyonitukana. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Hilo neno la yuko njiani," akauliza, "ulilisema, au hukulisema?"

"Nililisema, dada, lakini—"

"Basi ulilisema. Mwanangu yu hai?"

"Sijui, dada."

"Hujui. Na ndiwe uliyesema." Akanimiminia chai nyingine, manake adabu yake haikatiki hata akikuchinja. "Wewe Karisa umekuja leo. Yule anakuja kila siku."

Nilikunywa chai.

Nje Salimu akanieleza lililobaki. Dada yake ana presha. Kliniki amekosa mara mbili, vidonge vimekwisha, hatoki hata kwenda dukani. Anasema Athumani akifika akakuta nyumba haina mtu, atadhani mama yake amekufa. "Na akianguka humo ndani peke yake," Salimu akasema, "atakayemsikia wa kwanza ni wewe. Na wewe utamuuliza kama anataka sabuni."

Nikaenda Changamwe. Wanjiru akafungua kompyuta, akatafuta, akapata. Kwanza alitabasamu. "Huyu? Huyu ni mtu wetu mzuri sana, mzee. Hakuna anayeitikia karibu kama yeye. Kila siku, bila kukosa."

"Ni mama wa miaka sabini. Hajawahi kugusa mpira."

Tabasamu likaondoka. "Mimi nilidhani ni kijana," akasema. Akasoma tena. "Na hii ya mtu yuko njiani... hiyo ya chakula haijafika Likoni, mzee. Hatujaituma huko. Haifai hata kusikika upande huo."

"Imesikika. Nilikuwepo. Nilikuwa natafuna."

Nikamwomba wanitoe. Wachukue sauti yangu yote, waifute. Wanjiru alikuwa na huruma, lakini akatikisa kichwa. "Nitaomba wakubwa, mzee. Lakini sauti ishaingia. Huoni siku hizi hatukuiti? Haihitaji tena vipande. Ishakujua. Inatunga yenyewe."

Kweli, walikuwa hawajaniita muda mrefu. Mimi nilidhani wanalihurumia koo langu. Nikamwachia ufunguo wa studio mezani, na ndivyo nilivyostaafu. Wengine huagwa kwa keki. Mimi niliagwa na lori lililopita wakati nasema kwaheri, sijui kama alinisikia.

Nikarudi Mtongwe. Sasa sikwenda na maelezo. Nikamwambia: "Dada, umesema yule anakuja kila siku. Na mimi nitakuja kila siku, kwa miguu yangu hii, unaiona. Alasiri nitakaa hapa mlangoni. Wewe nenda kliniki. Athumani akija atanikuta mimi, nitamwambia mama yako yuko hai, amekwenda kuchukua dawa, kaa ule."

Akanipima. "Utakuja kweli, au utapiga hodi?"

"Nitakuja."

"Na yule?"

"Yule apumzike."

Alichomoa waya mwenyewe. Taa ya buluu ikazima. Akaifunga mashine kwenye kanga, na pedi yake, akaviweka kabatini katikati ya mashati ya Athumani. Kisha akapanda tuktuk ya nduguye. Muuguzi alimgombeza mpaka Salimu akaona haya, presha ilikuwa juu vibaya, lakini alirudi na vidonge. Mimi nilikuwa pale pale kwenye kiti, na jirani zake walishanisalimia mara kumi. Nikajua nimefanya kazi kamili ya siku moja, ya kwanza tangu magodoro.

Mwezi mzima nilikwenda. Natoka Mjambere, navuka kisiwa, navuka feri, nakaa mlangoni, nakunywa chai, nampigia porojo za pikapu, narudi. Athumani hakuja. Lakini vidonge alimeza, na jiwe la mlangoni aliliondoa, akawa anasubiri hodi yangu ndiyo afungue.

Juma lililopita homa ilinipiga nikashindwa kusimama. Nililala tangu asubuhi, na nilipoamka ilikuwa saa kumi na moja. Nikashtuka, nikampigia Salimu aniombee radhi kwa dada yake, nikamwambia kesho nitafika hata kwa kutambaa.

"Usijisumbue," Salimu akasema, na nikasikia anatoka nje ya chumba, anashusha sauti. "Alikungoja mpaka saa kumi na nusu. Kisha akamtoa yule mwenzio kabatini, akamchomeka. Wanazungumza hivi sasa. Alipomwambia karibu tu, yule akaanza kwa kumpa pole ya mguu. Karisa, mguu wa dada umeanza kumuuma juzi, mimi mwenyewe nimeujua leo, na yule alikuwa kabatini mwezi mzima, hana moto wa umeme, amefungwa kanga. Wewe ndiye uliyemwambia?"